Shule nne za serikali, mtoto mmoja: zipime kwa wanafunzi waliomo

Kila ifikapo Oktoba, uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unapofunguliwa, simu za wazazi wa Dar es Salaam huja na swali lile lile: nimpeleke wapi? Wenye mpango wa shule binafsi wana hesabu zao, leo siwagusi. Naongea na mzazi aliyekwisha kuamua shule ya serikali na bado amekwama, kwa sababu shule za serikali zenyewe hazifanani.

Kuna shule kubwa ya mtaani kwako, huko Mbagala, Chamazi, Kivule au Chanika, ambako watoto wamezidi madawati. Kuna shule kongwe za katikati ya jiji, upande wa Kariakoo, Ilala na Upanga. Kuna zile chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, Olympio, Diamond na Bunge zikiwa zinazojulikana zaidi hapa mjini. Na kuna ya nne, ambayo haitajwi kwenye vikao vya wazazi ingawa karibu kila ukoo umewahi kuifikiria: kumpeleka kwa bibi yake kijijini, asome huko.

Watu wengi hulinganisha kwa matokeo ya darasa la saba. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini orodha za kila shule bado zipo na wazazi wanazipekua. Sina ugomvi na matokeo. Ila matokeo ni habari ya watoto waliokwisha kuondoka. Mwanao ataishi na waliopo: wangapi wako naye chumbani, wana umri gani, wanatoka nyumba za namna gani, na wangapi kati yao watakuwapo bado mwakani. Hicho ndicho nitakachopima hapa.

Vigezo, na mahali pa kuvipata

Cha kwanza ni idadi kwa chumba na kwa mwalimu. Jumla ya wanafunzi wa shule ndiyo inayotisha watu, na ndiyo isiyosema kitu. Shule ya watoto 2,400 yenye walimu 48 ina watoto 50 kwa kila mwalimu. Shule ya watoto 400 yenye walimu watano ina watoto 80 kwa mwalimu. Ukisikia tu "ile ina elfu mbili na mia nne" utaikimbia, uende kuangukia kwenye mbaya zaidi. Kiwango kinachotajwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kwa awali mmoja kwa 25. Ongeza na choo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Usicheke. Mtoto wa miaka sita anayeogopa foleni ya choo hanywi maji kutwa nzima.

Cha pili ni umbo la idadi toka darasa la kwanza hadi la mwisho. Cha tatu, umri na mgawanyo wa wavulana na wasichana. Cha nne, lugha na makazi wanakotoka watoto. Cha tano, watoto wenye mahitaji maalumu. Cha sita ni njia ya kufika na pesa inayotoka mfukoni.

Takwimu hizi si siri. Ingia ofisi ya mwalimu mkuu, utazame ukutani. Shule nyingi zina ubao au manila yenye safu tatu, wav., was. na jml., kwa kila darasa, na pembeni ikama ya walimu, yaani idadi yao. Omba kwa adabu uisome. Mwalimu mkuu mwenye kazi nyingi atakuruhusu uinakili kwenye simu huku akihudumia wengine.

Njia ya pili hata nauli haikugharimu. Kwenye tovuti ya NECTA kila shule ina orodha ya waliofanya upimaji wa darasa la nne na ya waliofanya mtihani wa darasa la saba, jinsi ikiwa imeoneshwa kwa kila mtoto. Chukua darasa la nne la mwaka 2021, weka kando ya darasa la saba la mwaka 2024. Kwa sehemu kubwa ni watoto wale wale, miaka mitatu baadaye. Kama walikuwa 180 wakawa 175, shule imetulia. Kama walikuwa 180 wakawa 110, kuna jambo la kuuliza. Hesabu hii ina mapengo yake, kwa sababu kuna wanaokariri darasa la nne na kuna wanaohama. Lakini inakupa swali la kwenda nalo shuleni, na kwa mzazi hilo ni kubwa.

Kigezo kimoja ambacho wageni hukitafuta na hawakikuti ni kabila. Sensa yetu haijauliza kabila wala dini tangu ile ya mwaka 1967, na hakuna mzazi wa kawaida anayechagua shule kwa hicho. Tofauti zinazoonekana darasani kwetu ni za lugha, umbali na kipato.

Chumba na mwalimu

Shule kubwa ya pembezoni ndiyo yenye mzigo mzito hapa, hatuwezi kuficha. Jiji limekua: sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541, ya 2022 ikaikuta na 5,383,728, na ongezeko hilo halikwenda Kariakoo, lilikwenda kwenye viwanja vya bei nafuu. Katika shule za namna hii darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja si habari ya kushangaza. Shule hujipanga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwa awamu, hawa asubuhi, wale mchana. Ya pili ni kuigawa shule ikawa A na B katika uwanja ule ule, kila moja na mwalimu mkuu wake. Usidanganywe na mgawanyo huo. Uliza vyumba ni vingapi kwa jumla, maana ubao mmoja wa takwimu unaweza kuonesha watoto 1,900 wakati geti moja linapitisha 3,800.

Faida yake, na watu huisahau, ni kwamba shule kubwa ina walimu wengi. Mwalimu wa darasa la pili akienda likizo ya uzazi kuna wa kushika darasa. Kuna anayeliweza somo la hisabati kweli kweli, na kuna anayejua mchezo. Ruzuku nayo hufuata vichwa: elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango kiliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 kati ya hizo zikienda shuleni moja kwa moja na zilizobaki zikinunulia vitabu. Kwa hesabu hiyo watoto 3,000 wanaleta milioni 18 kwa mwaka, watoto 250 wanaleta milioni moja na nusu. Chaki na karatasi za mitihani zinapatikana kwa urahisi zaidi kwenye shule ya kwanza.

Shule kongwe za katikati ziko pazuri zaidi. Majengo yao yalijengwa mitaa ile ikiwa na familia. Leo nyumba nyingi zimekuwa maduka na maghala, watoto wa jirani wamepungua, na walimu hupenda kupangiwa mjini. Matokeo yake ni chumba kinachopumua. Lakini tofauti kati ya shule na shule ni kubwa. Iliyo karibu na kituo cha daladala au sokoni hujaa, iliyo mtaa wa pili ina nafasi. Nenda kwa miguu yako yote miwili, usiamini sifa.

Zile za Kiingereza hupokea kwa nafasi na mara nyingi kwa usaili, kwa hiyo idadi yao darasani inadhibitiwa mlangoni. Shule ya mtaa haina ruhusa ya kumkataa mtoto wa mtaa. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati yao, kubwa kuliko lugha ya kufundishia, na nitairudia baadaye.

Kijijini kuna sura mbili. Kuna shule yenye watoto wachache na walimu wachache zaidi, mwalimu mmoja akishika madarasa mawili kwa wakati mmoja. Kuna pia shule shikizi, zile zilizoanzishwa na wanakijiji ili wadogo wasitembee mbali, ambazo huwa na darasa la awali hadi la pili au la tatu, kisha mtoto huhamia shule mama. Kama bibi anakaa karibu na shikizi, tafadhali uliza shule mama iko umbali gani, maana huko ndiko mwanao atakakotembea akiwa na miaka tisa.

Wanaoingia na wanaobaki

Hapa ndipo ninapopapenda mimi, kwa sababu ubao wa takwimu unasimulia.

Katika shule nyingi za pembezoni utaona ngazi: darasa la kwanza kubwa, la pili dogo kidogo, la saba dogo kabisa. Wazazi huisoma ngazi hiyo kama utoro. Mara nyingine ni utoro. Mara nyingi zaidi ni historia. Michango ya lazima ilipoondolewa kwa waraka wa mwishoni mwa 2015, watoto walimiminika Januari 2016, kama walivyomiminika mwaka 2002 baada ya ada kufutwa chini ya MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi. Wimbi hilo lilitembea darasa kwa darasa. Kitaifa, waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2016 hawakufika laki nane. Mwaka 2022, wale wa wimbi la kwanza walipofika mwisho, walizidi milioni moja na laki tatu. Kwa hiyo ukikuta ngazi, uliza kwanza kama mtaa unakua. Ikiwa kila mwaka wanaoingia ni wengi kuliko wa mwaka uliopita, ngazi itakuwapo hata kama hakuna mtoto mmoja aliyeacha.

Kuna jambo jingine la mbele. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wa darasa la saba wa mwisho. Baada ya hapo shule zinabaki na madarasa sita, maana yake vyumba vya darasa moja zima vinaachwa wazi. Kwa shule iliyobanwa, hiyo ni nafuu ambayo haionekani kwenye ubao wa leo. Mzazi wa mtoto anayeanza sasa aihesabu.

Shule za katikati zina umbo la sanduku, juu sawa na chini, lakini ndani yake watoto wanabadilika. Mzazi akihamisha biashara toka Kariakoo kwenda Mbezi, mtoto anaondoka naye. Anaingia mwingine. Kwa mtoto anayeshikamana na marafiki, hilo si dogo.

Shule za Kiingereza ndizo zenye utulivu kuliko zote. Aliyeingia kwa usaili na ada hatoki kirahisi. Upande wake mwingine ni kwamba kuingia katikati, tuseme darasa la nne, ni kugumu kwa sababu nafasi haipo.

Kijijini, tofautisha waliosajiliwa na waliopo. Rejista ya mahudhurio itakuonesha miezi ya palizi na mavuno, na kwa jamii za wafugaji miezi ya kufuata malisho. Mtoto wako mwenyewe hatakwenda kuchunga, utasema. Sawa. Lakini darasa likibaki na nusu ya watoto, mwalimu husimamisha mada akisubiri wenzao, na mwanao naye anasubiri.

Umri, wavulana na wasichana

Nafupisha. Sera ya sasa inataka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita baada ya mwaka mmoja wa awali. Kwenye shule zenye msongamano wazazi hukimbilia kuandikisha mapema kwa hofu ya kukosa nafasi, hivyo utakuta wa miaka mitano amekaa dawati moja na wa minane aliyechelewa. Kijijini tofauti huwa kubwa zaidi, na mwili mkubwa kwenye uwanja wa mpira unajua kumsukuma mdogo. Shule za Kiingereza huchuja umri mlangoni. Za katikati ziko kati kwa kati.

Wavulana na wasichana, kwa ujumla wa nchi, wanakaribiana sana katika shule za msingi. Kwa hiyo shule ikionesha tofauti kubwa darasa la sita au la saba, na darasa la kwanza walikuwa sawa, usiipite. Wasichana wakipungua, uliza kuhusu vyoo, maji na kazi za ndani. Wavulana wakipungua, uliza kuhusu machimbo, mialo ya samaki na mifugo. Mwalimu mkweli atakujibu bila kuzunguka.

Lugha na nyumba wanazotoka

Shule ya pembezoni ni Dar nzima kwenye chumba kimoja: mtoto wa bodaboda, wa mwalimu, wa mama ntilie, wa aliyehamia juzi kutoka Lindi. Kiswahili ndicho cha kuchezea na cha kusomea, kwa hiyo mtoto hana ukuta wa lugha. Faida nyingine ni kwamba wenzake wa darasani ndio wa mtaani. Wanarudi pamoja, na wewe unawajua mama zao.

Katikati ya jiji watoto ni wa huku na kule. Nyumbani wanatawanyika Gongo la Mboto, Kimara na Mbagala. Urafiki unaishia getini, na kikao cha wazazi hakijai, maana wazazi wapo dukani. Ila kuna kitu cha mji ambacho watoto hao hukipata mapema: wanajua njia, wanajua pesa, hawatishwi na mtu.

Shule za Kiingereza zinakusanya familia zinazofanana: mshahara wa mwisho wa mwezi, vitabu nyumbani, mtoto aliyepita chekechea ya Kiingereza. Nilisema nitarudi kwenye mlango. Unapoona matokeo yao mazuri, jiulize kiasi gani kimefanywa darasani na kiasi gani kiliingia na mtoto getini siku ya usaili. Sisemi hawafundishi, wanafundisha vizuri. Nasema ukilinganisha na shule isiyochagua mtoto, unalinganisha mwenye mbio za mita mia na aliyebeba ndoo kichwani. Na kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna wa kumsaidia Kiingereza, miaka miwili ya kwanza inaweza kuwa ya kukariri sauti bila maana.

Kijijini jambo hili linageuka. Sheria ya darasani ni Kiswahili, lakini uwanjani ni Kisukuma, Kihaya, Kigogo, Kimasai. Mtoto wa Dar atafika na Kiswahili kinachowashangaza wenzake, ataitwa majina wiki ya kwanza, na baada ya muhula mmoja atakuwa anakujibu simu kwa lugha ya babu yake. Shemeji yangu alimpeleka binti yake hivyo kwa miaka miwili. Aliporudi alikuwa nyuma kidogo katika hisabati, lakini alikuwa anaongea na bibi yake kwa lugha ambayo mama yake mwenyewe aliipoteza. Kuna wazazi ambao kwao hilo ndilo lililokuwa lengo, na hakuna ubao wa takwimu utakaolionesha.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu

Hapa usichague kwa ramani, chagua kwa kitengo. Dar es Salaam kuna shule zinazojulikana kwa kazi hiyo: Uhuru Mchanganyiko kwa wasioona na mahitaji mengine, Buguruni Viziwi kwa wasiosikia. Shule kadhaa za mitaani nazo zina kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili ndani ya uwanja wao, na hizo nyingi ni zile zile kubwa zinazotisha kwa idadi. Katika ubao tafuta mstari wa mahitaji maalumu, kisha uulize walimu wenye mafunzo ni wangapi. Mstari wenye watoto 30 na mwalimu mmoja aliyesomea fani hiyo unakueleza yote.

Mikoani, Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi zinapokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi kutoka mbali. Shule ya kawaida ya kijiji mara nyingi haina mtaalamu, ingawa ina kitu kingine: watoto wachache, na kijiji kizima kinachomjua mtoto kwa jina. Shule za Kiingereza, kwa sababu ya usaili, ndizo ninazoshauri uulize kwa uwazi kabla ya kulipa chochote.

Kwa uoni hafifu au usikivu mdogo, kile kidogo ambacho hata mzazi hajakigundua, darasa la watoto mia na kumi ni hatari kimyakimya. Mpime kwanza. Kisha mwombe mwalimu amkalishe mbele, na umwombe tena mwezi wa pili.

Njia na mfuko

Shule ya mtaani ni ya miguu. Huu ndio ushindi wake, na kwa mtoto wa miaka sita ni ushindi mkubwa. Ada hakuna. Sare, madaftari na uji wa makubaliano ya wazazi vipo. Hesabu pia muda: kama anaingia awamu ya mchana na wewe unatoka saa kumi na mbili alfajiri, asubuhi yote anakaa na nani?

Katikati ya jiji hakuna ada pia, lakini kuna daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, kwa hiyo kwa karatasi ni nafuu. Barabarani kondakta humwona mwanafunzi kama kiti kilichopotea. Mtoto anaachwa kituoni, anafika amechelewa na amechoka, na bakora za mchelewaji hazijali kondakta. Mpango huu unafanya kazi kama mzazi mwenyewe anashuka Kariakoo kila asubuhi na wanakwenda wote.

Za Kiingereza zinadai ada, hata kama ni za serikali, na huwa chini ya shule binafsi nyingi. Juu yake weka usafiri, vitabu na tuisheni ambayo wenzake wote wanakwenda.

Kijijini pesa ni kidogo, ila haiishi: matumizi kwa bibi, mchango wa chakula, nauli ya likizo mara mbili kwa mwaka. Na kuna gharama ambayo bibi hataitaja. Uliza umri wake na magoti yake.

Ipi inamfaa nani

Shule kubwa ya pembezoni inamfaa mtoto mchangamfu, anayeuliza bila kuitwa, mwenye mtu mzima nyumbani wa kukaa naye nusu saa na daftari kila jioni. Inamfaa pia mzazi anayeweza kuingia kamati ya shule. Mtoto mkimya anaweza kupotea humo hadi darasa la tatu bila mtu kujua kwamba hajui kusoma.

Ya katikati ya jiji inamfaa mtoto wa mzazi anayefanya kazi huko huko, au mwenye ndugu anayeishi Ilala. Inamfaa zaidi kuanzia miaka tisa hivi kuliko sita.

Ya Kiingereza inamfaa mtoto ambaye lugha hiyo inasikika nyumbani, na mzazi mwenye uhakika wa kulipa hadi mwisho. Kuanza humo miaka mitatu kisha kumrudisha shule ya Kiswahili darasa la nne, mwaka wa upimaji, ni kumwonea.

Ya kijijini inamfaa mtoto mwenye bibi au babu mwenye nguvu bado, shule kamili karibu, na wazazi ambao kazi zao mjini kwa kipindi hiki haziwaruhusu kuwa wazazi. Kwa miaka miwili mitatu tangu awali, inaweza kuwa bora kuliko msongamano. Kwa darasa la tano na kuendelea, tazama kwanza walimu wa Kiingereza na hisabati wapo wangapi.

Kulingana na hali yako

Kama shule ya mtaani ina zaidi ya watoto mia kwa chumba na mtoto wako ni wa miaka sita, kwanza tafuta shule mpya. Mradi wa BOOST umejenga shule za msingi mpya maeneo mengi, na mwaka wa kwanza au wa pili wa shule mpya idadi huwa ya kupendeza kabla mtaa haujaigundua. Ofisi ya mtendaji wa kata au mratibu elimu kata wanajua inafunguliwa lini. Wahi Oktoba, usingoje Januari.

Kama una watoto wawili, usiwatenganishe kwa sababu ya shule moja kuwa na wastani mzuri zaidi. Mkubwa akiwa darasa la nne shuleni, mdogo ana mlinzi, na wewe una kikao kimoja badala ya viwili.

Kama umepanga na mkataba unaisha Juni, chagua shule ambayo utaendelea kuifikia ukihamia mtaa wa pili. Ikibidi kuhama kabisa, uhamisho unapitia kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na namba ya mtoto humfuata. Hakikisha imehamishwa kweli, maana mtoto anaweza kukaa muhula mzima kwenye dawati jipya huku mfumoni akiwa bado wa shule ya zamani. Mimi lilinipata hilo, tukaligundua wiki ya kufunga usajili wa darasa la nne.

Kama kinachokusumbua ni ada ya shule ya Kiingereza, ihesabu kwa miaka sita, si kwa muhula. Ikitosheleza miaka minne tu, pesa hiyo hiyo inalipa mwalimu wa jioni kwa mtoto wa shule ya mtaani kwa muda mrefu zaidi.

Kama mnabishana nyumbani kati ya mtaani na kwa bibi, nendeni kijijini siku ya kazi, mwezi wa kilimo, na mhesabu watoto waliopo darasani saa nne asubuhi. Kisha rudini mkahesabu wa mtaani siku ya Ijumaa, saa hiyo hiyo.